Kanisa Lililojengwa kwa Ajili ya Masikio

Haya ndiyo niliyosema kwenye semina ya kwaya na matarumbeta mjini Moshi. Wengi mlizuiwa na mvua, mkaomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe tena!

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, walimu wa kwaya, mama zangu wa soprano na alto, baba zangu wa besi, na ninyi vijana wa matarumbeta mliojibanza nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kunipa nafasi. Mwalimu wetu aliniomba niwaeleze juu ya konsati niliyohudhuria Dresden, Ujerumani, katika kanisa linaloitwa Frauenkirche. Akaniambia, "Usituletee picha. Picha tumeziona kwenye simu. Tuambie ulisikia nini."

Agizo hilo limenifurahisha mno, kwa sababu kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya masikio. Kila siku wageni wanaingia, wanatazama juu, wanapiga picha, wanatoka. Wameliona. Je, wamelisikia? Nasema hapana. Na kanisa lile usipolisikia, bado hujafika.

Nianze na seremala.

Jina lake George Bähr. Alizaliwa mwaka 1666 katika kijiji cha milimani huko Saksonia, eneo la Ujerumani ulipo mji wa Dresden, kwenye familia maskini. Akajifunza useremala, na mwaka 1705 halmashauri ya mji wa Dresden ikamfanya seremala wake mkuu. Sasa, mtawala wa Saksonia wakati huo, August Mwenye Nguvu, alikuwa ameingia Ukatoliki mwaka 1697 ili apate kiti cha ufalme wa Poland. Raia wake wakabaki Walutheri. Mnaiona hali ilivyokuwa? Mfalme ana dini yake, watu wana yao, na watu wanataka kanisa lao liwe katikati ya mji, kubwa, lionekane toka mbali. Jiwe la msingi likawekwa tarehe 26 Agosti 1726, na kazi akapewa yule seremala.

Ninyi mlio kwenye kamati za ujenzi, hapa nisikilizeni vizuri. Makanisa makubwa ya zamani ya Ulaya ni marefu. Aliye nyuma anamwona mchungaji kwa mbali, na neno likimfikia limekwisha kuchanganyika na mwangwi wake. Bähr hakujenga hivyo. Alijenga kwa mduara. Nguzo nane zimebeba kuba, roshani zimepanda ghorofa juu ya ghorofa kuuzunguka ukumbi, na mimbari imesogezwa mbele, katikati, karibu kabisa na watu. Nyuma ya mimbari kuna madhabahu. Juu ya madhabahu kuna kinanda cha mabomba. Kwa hiyo ukikaa popote, unatazama upande mmoja: neno, meza ya Bwana na muziki, vyote kwenye mstari mmoja. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu Mlutheri anakwenda kanisani kusikia! Asiposikia amekwenda kufanya nini?

Kisha kuba. Mpango wa mwanzo ulikuwa kuba la mbao lililofunikwa shaba. Bähr akang'ang'ania kuba la mawe. Wakubwa wakahofu, wakabishana naye, nyufa zikaonekana kwenye kazi, ugomvi ukawa mkubwa. Alifariki mwaka 1738 kabla hajaona kilele. Jengo lilikamilika mwaka 1743, na lile kuba lina uzito wa tani zipatazo 12,000. Watu wa Dresden wakaliita kengele ya mawe. Mwaka 1760 majeshi ya Prussia, ufalme jirani, yakaupiga mji kwa mizinga, kuba likasimama. Seremala alikuwa amelala kaburini zaidi ya miaka ishirini, na kazi yake ikamtetea.

Sasa ndani ya kengele hiyo ya mawe wakaweka kinanda. Fundi wake alikuwa Gottfried Silbermann, bingwa wa vinanda vya mabomba katika Saksonia yote, nacho kilimalizika Novemba 1736. Siku chache tu baadaye, tarehe 1 Desemba, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, alikaa kwenye kinanda hicho mtunzi wa muziki kutoka mji wa Leipzig aliyeitwa Johann Sebastian Bach.

Walimu wa kwaya mnamfahamu Bach. Lakini je, mnajua siku hiyo alikuwa amengoja kwa muda gani? Mwaka 1733 alimpelekea mtawala mpya wa Saksonia sehemu mbili za misa, Kyrie na Gloria, pamoja na barua ya kuomba cheo cha mtunzi wa kasri. Kazi ile leo dunia nzima inaijua, ndiyo mwanzo wa Misa yake kuu ya B ndogo (B minor). Jibu likachukua miaka mitatu. Hati ya cheo ikaandikwa Novemba 1736, na mara baada ya kuipata akapanda kwenye kinanda kipya cha Silbermann, akapiga saa mbili mbele ya wakubwa wa mji na wanamuziki wa kasri. Mtumishi wa Mungu mwenye kipaji kama kile, naye aliandika barua akasubiri kama sisi tunavyosubiri. Kijana unayeandika nyimbo zako nyumbani na hakuna anayekujibu, kumbuka miaka ile mitatu.

Nisikawie kwenye mapambo. Kanisa hili ni la mtindo wa Baroki, mtindo wa miaka ya 1600 na 1700: dhahabu, malaika, mawingu, nguzo zilizopakwa rangi zikaonekana marumaru. Mtu anaweza kutembea humo mchana mzima akitazama. Nitataja kitu kimoja tu. Pale madhabahuni amechongwa Yesu akiomba Gethsemane, wanafunzi wamelala. Basi juu ya bustani ile ya uchungu ndipo panapotoka sauti ya kinanda. Ukiimba au ukipiga ala mahali pale, unatazamana na Bwana akiwa kwenye usiku wake mgumu kuliko yote. Hilo linamfanyia kazi mwimbaji, hata asipojua.

Sasa twende kwenye konsati yenyewe. Nilikwenda wakati wa Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi. Nje baridi, watu wamevaa makoti mazito mpaka masikioni. Tiketi yangu ilikuwa ya bei nafuu, kwa hiyo nikapanda ngazi mpaka roshani ya juu, nikakaa kwenye benchi la mbao, na nguzo ikanikinga nisiwaone nusu ya wanamuziki. Nikamwona mpiga ngoma. Kabla ya kuanza, wenzake wakiongea na kupangusa ala, yeye aliinama, akaweka sikio lake karibu kabisa na ngozi ya ngoma, akaigonga kwa kidole taratibu, akakaza kidogo, akagonga tena. Akahamia ngoma ya pili, hivyo hivyo. Ngoma zile zina noti, ndugu zangu. Kila moja imefungwa kwenye noti yake, na ngozi inalegea au kukaza kulingana na joto la chumba. Watu zaidi ya elfu wameingia na pumzi zao, na yeye anasikiliza ngozi inasemaje.

Kazi iliyoimbwa ilikuwa Oratorio ya Krismasi ya Bach, yaani habari ya Biblia iliyotungwa iimbwe na waimbaji pamoja na ala. Aliitayarisha kwa ajili ya makanisa ya Leipzig, ikaimbwa mara ya kwanza katika ibada za kuanzia tarehe 25 Desemba 1734 hadi tarehe 6 Januari 1735. Ni sehemu sita, kila sikukuu na sehemu yake. Leo mara nyingi sehemu tatu za kwanza huimbwa jioni moja, na tatu za mwisho jioni nyingine.

Je, mnajua inaanza na nini?

Kinanda? Hapana. Kwaya? Hapana. Inaanza na ngoma! Ngoma peke yake, mapigo matano, ndani ya lile kuba la mawe. Filimbi zinajibu. Ngoma inapiga tena. Zumari zinajibu. Kisha nyuzi zinamiminika, halafu matarumbeta yanapasua juu. Na kwaya inapoingia, kwaya nzima, wanaume kwa wanawake, wanaimba pigo lile lile la ngoma. Sauti nne zimeacha kugawanyika, zimekuwa ngoma moja, zikiwaambia watu washangilie, wafurahi, wazisifu siku hizi.

Nami nilipolisikia pigo lile niliwakumbuka bibi na babu zetu wa hapa mlimani. Kuna walioambiwa kwamba ngoma haiwezi kuingia mahali patakatifu. Waliacha ngoma zao nyumbani kwa sababu ya maneno hayo, nao waliumia. Ningependa wangekuwa hai niwaambie: Bach, msimamizi wa muziki wa kanisa la Kilutheri la Leipzig, alipotaka kuitangaza habari ya kuzaliwa kwa Mwokozi, chombo cha kwanza alichokipa nafasi ni ngoma.

Na asili ya mapigo hayo nayo ni habari. Mwaka mmoja kabla, Desemba 1733, Bach alikuwa ameyatunga kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mke wa mtawala, Maria Josepha, na maneno ya mwanzo yalikuwa yanaziamuru ngoma na matarumbeta zilie. Ndiyo sababu ngoma zinatangulia. Mwaka uliofuata akabadilisha maneno, muziki ule ukatoka kwa malkia wa kasri ukaenda kwa mtoto aliyelazwa horini. Mtu anaweza kusema aliokoa muda tu. Mimi naona aliona heshima ile inamfaa nani zaidi.

Vijana wa matarumbeta, sasa zamu yenu. Siku hizi wanamuziki wengi wakipiga kazi hizi wanatumia tarumbeta za namna ile ya zamani. Ni bomba refu lililokunjwa, basi. Vitufe vya kubonyeza havipo. Noti zote anazitafuta mpigaji kwa midomo na pumzi yake. Chini noti ziko mbalimbali sana, huwezi kupata wimbo kamili. Juu kabisa ndiko zinakosogeleana, ndiko wimbo unakopatikana. Kwa hiyo mtu huyo anaishi juu kule muda wote, mahali ambapo mdomo ukiteleza kidogo tu kila mtu anasikia. Nilimtazama shingo yake kutoka roshani. Nilimwona akipumua kabla ya kuingia, pumzi ya tumboni, mabega yametulia. Mnaosema tarumbeta ya usharika ni kuukuu, vitufe vyake vinakwama: ni kweli, na tutanunua nyingine Mungu akitujalia. Lakini pumzi je? Pumzi hainunuliwi.

Baada ya hapo likatokea jambo ambalo ndilo limenifanya nikubali kusimama mbele yenu leo.

Katikati ya sehemu ya kwanza, waimbaji wakaanza wimbo wa kitabu. Maneno yanamuuliza Yesu: nikupokeeje, nikulaki vipi? Ni maneno ya Majilio. Lakini sauti yake! Nilishtuka kwenye benchi. Ilikuwa sauti ya wimbo wetu wa Ijumaa Kuu, ule wa kichwa kilichojaa damu na majeraha, kilichovikwa taji ya miiba. Wimbo tunaouimba hapa Kilimanjaro kila Kwaresima, ambao mama zangu hapa mnauimba mmefumba macho. Huko mbali, usiku wa baridi, katika habari ya Krismasi, ngoma na matarumbeta vimetoka kushangilia muda mfupi tu uliopita, Bach anatupigia sauti ya msalaba.

Waliokaa makanisani Leipzig mwaka 1734 waliujua wimbo ule kama mnavyoujua ninyi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtoto ndiyo kwanza anakuja, na tayari sauti inasema anakwenda wapi. Niliporudi jioni nyingine kusikiliza sehemu tatu za mwisho, mwisho kabisa wa sehemu ya sita, sauti ile ile ikarudi. Safari hii ngoma zinapiga, matarumbeta yamewaka, na maneno yanasema mauti, shetani, dhambi na kuzimu vimevunjwa. Sauti moja, ya huzuni kwa desturi, ikavikwa mavazi ya ushindi. Je, unaweza kulipata hilo kwa kutazama picha?

Na tujiulize, ilikuwaje mtu wa Kilimanjaro akaketi Dresden na kuutambua wimbo kwa noti tatu za mwanzo? Kwa sababu shirika la misheni lililotuletea nyimbo hizi lilianzishwa Dresden, katika mji huo huo, mwaka 1836. Baadaye lilihamia Leipzig, likachukua jina la huko, na mwaka 1893 wamisionari wake wakafika Kilimanjaro, wakaanza Machame. Vitabu vya nyimbo vilikuja nao. Kwa hiyo msidhani kwamba muziki ule ni wa watu wengine na sisi ni wageni tunaochungulia dirishani. Zile sauti nne tunazofundishana kila Jumamosi ni za ukoo mmoja na zile. Mimi sikukaa pale kama mtalii.

Sasa niwaambie kuhusu mawe, maana kanisa nililokalia si lile alilopigia Bach. Ni lile, na si lile.

Ujerumani ilianzisha vita, ikachoma miji ya wenzake. Coventry, Uingereza, kanisa kuu liliteketea usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Kisha moto ukarudi. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Februari 1945, ndege za Waingereza, na siku iliyofuata za Wamarekani, zikaipiga Dresden. Watu waliokufa wanafika 25,000. Kuba la Bähr likasimama katikati ya moto usiku ule na siku nzima iliyofuata. Lakini mawe ya mchanga yalikuwa yamepikwa kwa joto, nguzo zikachoka, na asubuhi ya tarehe 15 Februari, kama saa nne hivi, kengele ya mawe ikaanguka. Kinanda cha Silbermann kikapotea humo.

Rundo lile la mawe likalala katikati ya mji zaidi ya miaka arobaini. Serikali ya Ujerumani Mashariki haikulijenga. Majani yakaota. Mwaka 1982, tarehe ile ya 13 Februari, vijana walikuja na mishumaa wakakaa kwenye mawe yale wakiomba amani, katika nchi ambayo mkusanyiko wa namna hiyo ungeweza kukuletea matatizo makubwa.

Na ukuta wa Berlin ulipoanguka, nani alisimama mbele kudai kanisa lijengwe? Matarumbeta, inukeni vichwa! Alikuwa mpiga tarumbeta! Ludwig Güttler, mmoja wa wapiga tarumbeta mashuhuri wa Ujerumani, pamoja na wenzake wa Dresden, wakatoa wito kwa dunia tarehe 13 Februari 1990. Kisha akazunguka na tarumbeta yake, anapiga konsati, fedha zinakwenda kwenye mawe. Mwanasayansi Günter Blobel, ambaye akiwa mtoto mkimbizi aliuona mji ule siku chache kabla haujaungua, alipopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1999 alitoa fedha zake za tuzo kwa kanisa hilo na kwa sinagogi jipya la Wayahudi wa Dresden. Ujenzi mzima uligharimu takriban euro milioni 180, na zaidi ya milioni 100 katika hizo zilikuwa michango ya watu.

Walilifukua rundo jiwe kwa jiwe, wakapima, wakaandika, wakayarudisha maelfu ya mawe ya zamani mahali yalipokuwa. Ukiwa nje unayaona: meusi katikati ya mapya yenye rangi ya mchanga. Madhabahu ya Gethsemane iliunganishwa kutoka vipande vipatavyo 2,000. Msalaba wa juu ya kuba ulitengenezwa London, na mmoja wa mafundi wake, Alan Smith, ni mtoto wa rubani aliyekuwamo kwenye ndege zilizoipiga Dresden. Baba aliangusha mabomu, mwana akafua msalaba. Msalaba wa zamani, uliopindika kwa moto, wameuacha ndani ya kanisa, watu wanawasha mishumaa kando yake. Tarehe 30 Oktoba 2005 kanisa likawekwa wakfu upya. Kinanda kipya alikitengeneza Daniel Kern wa Strasbourg, Ufaransa. Kuna waliotaka kinanda cha Silbermann kirudishwe kama kilivyokuwa, na mabishano hayo yalikuwa makali.

Kwa hiyo ukikaa mle ndani ukasikia tarumbeta, jua kwamba pumzi ya tarumbeta imo katika kuta zile. Konsati zilichangia kulijenga kanisa, na sasa kanisa linazibeba konsati.

Linazibebaje? Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana ndipo ombi langu linapotoka.

Jioni ile hapakuwa na spika hata moja kwa ajili ya muziki. Hata moja! Mwimbaji anasimama, anafungua kinywa, jengo linafanya kazi iliyobaki. Sauti inagonga jiwe, inapanda kwenye kuba, inakaa huko kama ukungu wa asubuhi kwenye migomba, ndipo inashuka. Mwenye kuongoza anajua hivyo. Hakimbizi wimbo, maana akikimbiza, noti mpya inaikanyaga ya zamani kabla haijamaliza safari. Waimbaji wanatamka herufi za mwisho kwa pamoja, kwa ukali, ili neno lisizame kwenye mwangwi. Na hadhira ni sehemu ya ala. Kanisa tupu linarudisha sauti kwa namna moja. Likijaa watu na makoti yao, sauti inapungua ukali na kukauka. Wanafanya mazoezi kanisa likiwa tupu, kisha wanaimba likiwa limejaa, na inabidi wasikilize upya, papo hapo, wajirekebishe wakiimba.

Watu nao wanasikiliza. Kati ya wimbo na wimbo hakuna anayepiga makofi. Mtu akitaka kukohoa anangoja. Kazi ilipokwisha, mwongozaji aliiacha mikono yake juu, na mle ndani hakuna aliyesogea mpaka kuba limemaliza kusema. Ndipo makofi yakaja, na yalikuwa mengi.

Sasa tuje kwetu. Wapendwa, niseme kwa upendo, na baba mchungaji atanivumilia. Makanisa yetu tunayajaza spika zenye ukubwa wa kabati. Kwaya ya watu arobaini, kila sauti imepewa kipaza sauti, kinanda cha umeme kimewekewa mdundo wake, na fundi mitambo anapandisha. Tukitoka nje masikio yanavuma. Nauliza: mara ya mwisho ulimsikia lini mwenzako wa alto aliyesimama kando yako? Mara ya mwisho lini besi zilisikika kwa sababu ni besi, na si kwa sababu ya mashine? Wazazi wetu walijenga kanisa hili kwa mawe ya mlima, wakaliwekea dari ya mbao ndefu, juu kabisa. Walikuwa wanaimba humu bila umeme, na waliokuwa barabarani waliwasikia. Chumba hiki kinaimba! Tumekiziba kinywa wenyewe.

Sisemi tuuze mitambo. Mahubiri yanaihitaji, na mikutano ya nje haiwezekani bila hiyo. Ninaomba Jumapili moja tu: Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka huu. Tuimbe ule wimbo wa Ijumaa Kuu, sauti ile ile, lakini kwa maneno ya kumpokea Yesu. Beti tatu. Ubeti wa kwanza kwaya peke yake, sauti nne, kutoka roshani ile ya nyuma ambayo siku hizi tumeigeuza stoo ya viti vibovu. Ubeti wa pili matarumbeta bila waimbaji, mkisimama pale kwenye mlango mkubwa, taratibu, mkingoja kila noti ifike darini kabla hamjaleta nyingine. Ubeti wa tatu usharika wote. Na kabla ya yote, ngoma. Ngoma yetu, ya ngozi, iliyowambwa hapa hapa mlimani, na mpigaji aitegee sikio kwanza.

Kwa wale watakaokwenda Saksonia na ujumbe wa urafiki wa makanisa: tiketi za Majilio kateni mapema, zinakwisha. Na asiye na fedha ya tiketi asihuzunike. Siku za kazi, saa sita mchana, kuna ibada fupi ya kinanda pale Frauenkirche, na mlango uko wazi kwa kila mtu bila malipo. Kaeni juu, roshani ya mwisho. Simu ziwe mfukoni.

Fundi mitambo nimeshazungumza naye, amekubali kuzima. Mwalimu wa matarumbeta amekubali kuanza mazoezi Jumamosi ijayo saa tisa. Roshani inahitaji watu wa kuhamisha vile viti, na vijana wanane wameshajiandikisha kwa katibu. Kimebaki kibali cha baraza la wazee. Wazee wangu, nawaomba kwa heshima mtujibu leo, kabla hatujafunga kwa sala.